Njia Panda Ukunguni: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi cha Watembea Milima kutoka Tanga

## Kuhusu uchambuzi huu

Kisa hiki kinahusu watu 16 wa jijini Tanga waliokwenda kutembea kwa siku moja katika msitu wa mlima wa volkano kaskazini mwa Tanzania. Wanne kati yao walipotea wakati wa kuteremka, na safari iliyopangwa kuisha jioni ikaisha karibu na usiku wa manane. Wote walirudi salama. Nimekiandika kwa ombi la kikundi chenyewe, baada ya kuzungumza na washiriki, mwongoza njia na askari wa msitu aliyefuatana nao. Majina ya watu, ya mlima na ya kijiji yameondolewa, na baadhi ya sifa za washiriki zimebadilishwa pale ambapo kuzitaja kungewatambulisha. Saa za matukio zimepatikana kwa kulinganisha kumbukumbu za simu zao.

Ni muhimu kueleza mapema kwamba hawa hawakuwa watu wazembe. Walikuwa wamefanya mazoezi, walichukua kibali, walilipa mwongoza njia, na waliacha orodha ya majina kwa dereva na kwa ofisi ya kijiji. Kilichowaponza ni kwamba waliujua mlima wa aina moja vizuri, kisha wakausoma mlima wa aina nyingine kwa kanuni za ule wa kwanza. Kwa sababu hiyo naamini kisa chao kinawafaa zaidi wale ambao tayari wana uzoefu kuliko wale wanaoanza.

## Usuli

Kikundi kilianza kama mkusanyiko wa wafanyakazi na wastaafu wanaotembea alfajiri ya Jumamosi upande wa Raskazone. Kiongozi wake ni mwalimu mstaafu ambaye wote, hata waliomzidi umri, humwita Mwalimu. Baada ya kuzoea mwendo wa pwani walianza kupanda Usambara. Kwanza walitoka lango la Sigi hadi Amani, kupitia msitu wa hifadhi na kando ya mashamba ya chai, kisha wakaenda Lushoto, wakatembea msitu wa Magamba na njia ya kuelekea Irente, mahali ambapo mtu husimama ukingoni akaiona nyika ya Mombo chini yake.

Milima hiyo iliwafundisha mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika, lakini kila mmoja aliyabeba kichwani. Jambo la kwanza ni kwamba maji hayako mbali. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka kwa sababu ya pepo zinazotoka Bahari ya Hindi, na mto Zigi unaotoka katika milima hiyo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambalo wakazi wa jiji la Tanga wanalitegemea kwa maji. Jambo la pili ni kwamba watu hawako mbali. Wasambaa wameishi juu ya milima kwa karne nyingi; Soni, Mlalo na Mtae zote ziko juu, na njia za miguu zinaunganisha mashamba, masoko na misikiti pande zote. La tatu linatokana na hayo mawili: ukipotea, teremka, maana bondeni utakuta kijito, kando ya kijito utakuta shamba la mboga, na penye shamba la mboga yupo mtu wa kukuelekeza.

Kwa Usambara, mambo hayo matatu ni kweli kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana yalikuwa ya hatari.

## Mpango wa safari

Safari ilipangwa mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, ili njia ziwe kavu. Njia iliyochaguliwa ilikuwa na kilomita 9 za kwenda na mpando wa takriban mita 1,100. Ilianzia kwenye mashamba ya migomba, kahawa na mahindi yanayopanda na kushuka juu ya vilima vya chini, ikapita shamba la miti la mikaratusi na misindano, ikaingia msitu wa asili wenye mitarakwa na miti iliyofunikwa ndevu za kuvumwani, na kuishia kwenye ukingo wa shimo la kale la volkano. Walikubaliana kuanza saa 12:30 asubuhi na kugeuza saa 7:00 mchana popote watakapokuwa, kisha kurudi kwa njia ile ile.

Kila mtu alibeba lita moja na nusu ya maji. Mwalimu alikuwa amempigia simu mwongoza njia wiki moja kabla akamuuliza kama njiani kuna maji, naye akajibu kwamba yapo. Mwongoza njia alikuwa akifikiria bomba lililo kwenye kibanda cha mlinzi wa shamba la miti, chini ya msitu wa asili. Mwalimu alikuwa akifikiria vijito kama vya Magamba. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeuliza swali la pili.

Vifaa vingine walikuwa navyo vya kutosha kwa safari ya mchana: simu zilizochajiwa, kisanduku cha huduma ya kwanza mikononi mwa muuguzi ambaye ni mwanachama, makoti mepesi ya mvua, na tochi saba kwa watu 16. Hakukuwa na filimbi hata moja.

## Mwendo wa matukio

Walilala mjini, mbali kidogo na mlima. Asubuhi kosta ilichelewa, na kukamilisha malipo ya kibali kukachukua muda mrefu kuliko walivyodhani. Wakaanza kutembea saa 2:20, yaani karibu saa mbili nyuma ya mpango. Mwongoza njia alitangulia na askari akafunga msafara, kwa sababu msitu ule una nyati.

Mashamba na msitu wa kupandwa vilipita bila tatizo. Ndani ya msitu wa asili mwendo ulipungua, kwa kuwa udongo wa majivu uliokauka uligeuka vumbi laini lisiloshika mguu, na mwanachama mmoja mwenye umri mkubwa akaanza kulalamikia goti. Ilipofika saa 7:00 mchana walikuwa bado hawajafika ukingoni. Mwalimu alikumbusha makubaliano. Baadhi ya wanachama wakaomba waendelee, wakisema hawakutoka Tanga kuja kuona miti tu, na kwamba kilele kimeshaonekana. Kura ikapigwa kwa mikono, na waliotaka kuendelea wakashinda. Walifika juu saa 8:10. Wakati huo zaidi ya nusu yao walikuwa wamemaliza maji.

Walianza kuteremka saa 8:40. Nusu saa baadaye ukungu ulipanda kutoka mabonde ya chini na kuwafunika. Kwa sababu ya goti la yule mwanachama msafara ulivutika ukawa vipande vitatu: saba walikuwa mbele na mwongoza njia, wanne katikati peke yao, na watano nyuma, wakiwamo Mwalimu na mgonjwa wa goti, pamoja na askari.

Kwenye mgongo wa mlima kuna mahali njia inapogawanyika. Njia halisi inashika upande wa kulia. Ya kushoto ilikuwa ya wakata mbao zamani na sasa inatumiwa na wanyama zaidi kuliko watu. Mwongoza njia alipofika hapo alikata tawi bichi akalilaza juu ya njia ya kushoto, alama ambayo watu wa kijiji chake wanaielewa kuwa ni katazo. Wale saba walimwona akifanya hivyo. Wanne wa katikati walifika karibu saa 9:45, wakaona tawi lililoanguka, wakalivuka.

Aliyetangulia miongoni mwa wanne hao alikuwa mzee aliyezaliwa na kukulia Lushoto, mtu mwenye miguu imara na macho mazuri ya njia. Nyuma yake walikuwa muuguzi na vijana wawili. Baada ya robo saa kijana mmoja alisema haikumbuki njia ile. Mzee alimjibu kwamba ukungu hubadilisha sura ya kila kitu, na kwamba maadamu wanateremka watatokea kwenye mashamba. Kijana akanyamaza. Walipita sehemu mbili nyingine ambako njia iligawanyika, wakachagua kila mara ile iliyoteremka zaidi. Saa 10:40 mgongo waliokuwa wakiufuata uliisha ghafla kwenye ukingo wa mwamba mweusi, na makorongo mawili yenye kina yalikuwa kulia na kushoto kwao.

Mzee alitaka washuke korongo la kulia, akiamini chini kutakuwa na maji. Muuguzi alikataa. Kwa maneno yake mwenyewe alimwambia, "Baba, samahani sana, mimi hapo sishuki, na hawa vijana siwaruhusu." Walirudi juu kwa njia waliyojia mpaka simu moja ikapata mtandao, wakasimama. Saa 11:00 jioni kijana akampigia Mwalimu. Alianza kwa shikamoo, akasubiri marahaba, ndipo akasema hawako kwenye njia.

Mwalimu na wenzake walikuwa ndiyo kwanza wamefika kwenye njia panda. Mpaka dakika hiyo hawakujua kwamba kuna watu waliopotea, kwa sababu walidhani wanne wale wako na kundi la mbele. Kundi la mbele nalo, lililokuwa limeshatoka msituni, lilidhani wako na kundi la nyuma.

## Maamuzi na sababu zake

Kuanzia hapo Mwalimu aliongoza kwa utulivu unaostahili kusimuliwa kwa urefu. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kuwaambia wanne wale wasisogee. Aliwauliza kama wanaweza kurudi wenyewe hadi njia panda, wakamwambia walipita migawanyiko miwili ambayo hawana hakika waliipitaje. Hilo lilimtosha. Aliwataka wazime simu zote isipokuwa moja, na waeleze walichokiona: mwamba mweusi, mtarakwa mkubwa ulioanguka ukiwa na mizizi juu, na makorongo mawili.

Wa pili ulikuwa kutomtuma askari peke yake. Askari alikuwa tayari kwenda, lakini watano waliobaki wangekaa bila ulinzi jioni, mmoja wao akiwa hawezi kutembea haraka. Mwalimu alimpigia mwongoza njia, akamtaka awaache wale saba kwenye kibanda cha mlinzi chini ya usimamizi wa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, na apande na maji pamoja na wenyeji wenye kuijua njia. Mwongoza njia alipata vijana wawili wa kijijini. Waliondoka saa 11:15 na kufika njia panda saa 12:30 jioni, jua likizama. Ndipo askari na mwongoza njia wakateremka njia ya kushoto, na vijana wa kijiji wakabaki na wale watano. Askari alichaguliwa kwenda upande huo kwa sababu alikuwa ameona kinyesi kibichi cha nyati kwenye njia ile.

Wa tatu ulikuwa kutowasha moto. Baridi ilikuwa imeanza kuwauma watu wa pwani wenye makoti mepesi, na wawili waliuomba moto kwa kusihi. Askari alikumbusha kwamba majani ya Septemba ni makavu na kwamba hawataweza kuudhibiti kwenye mteremko. Wakakaa wamebanana, wakajifunika kanga walizokuwa nazo.

Huku kwa wale wanne muuguzi naye alikuwa akiamua yake. Walikuwa wamebakiwa na nusu lita ya maji. Aliona misuli ya miguu ya mzee imeanza kukaza na maneno yake kupungua, akaamua maji yote yaliyobaki ni ya mzee. Vijana walikubali bila neno.

## Matokeo

Mwongoza njia hakuhitaji kutafuta. Aliposikia habari za mtarakwa ulioanguka na makorongo mawili alijua ni mgongo gani, akawafikia saa 1:10 usiku. Kijana mmoja alikuwa pia ametuma kwa ujumbe namba za mahali walipo kutoka kwenye simu yake, lakini simu ya mwongoza njia ilikuwa ya kawaida, isiyo na ramani, na namba zile hazikumsaidia kitu. Saa 2:30 usiku wote walikuwa njia panda. Waliteremka pamoja taratibu kwa mwanga wa tochi, na wakatoka msituni saa 5:30 usiku.

Mzee alipelekwa kituo cha afya, akawekewa dripu, akaruhusiwa asubuhi. Mgonjwa wa goti alitembea kwa fimbo kwa muda. Wengine walikuwa na uchovu na baridi tu.

Madhara mengine yalitokea mbali na mlima. Mmoja wa wale saba waliosubiri chini aliandika kwenye kundi la simu kwamba watu wanne wamepotea na kuna nyati. Ujumbe ukafika Tanga kwa familia kabla ya maelezo mengine yoyote. Mke wa mzee alikaa saa kadhaa akiamini kwamba mumewe amekufa.

## Uchambuzi: umbo la mlima

Nianze na jambo ambalo kikundi kizima hakikulizingatia, nalo ndilo kiini cha kisa. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Miamba yake ni ya kale sana, na milima yenyewe ni vipande vya ardhi vilivyoinuliwa kwa mipasuko, kisha vikachongwa na mito kwa muda mrefu. Juu yake kuna nyanda na mabonde yanayoungana: kijito kinaingia kwenye kijito kikubwa, njia inaingia kwenye njia kubwa. Mtu anayeteremka humo mara nyingi anakutana na wenzake walioteremka kwa njia nyingine.

Mlima wa volkano umejengwa kinyume cha hapo. Lava na majivu vilitoka mahali pamoja vikamwagika pande zote, na maji ya mvua yakachimba makorongo yanayotoka kileleni kwenda chini kama njiti za mwavuli. Migongo miwili inayogusana juu inazidi kuachana kadiri inavyoteremka. Hatua chache za tofauti kwenye njia panda zinaweza kuwa kilomita kadhaa chini, na kati ya migongo hiyo kuna makorongo yasiyovukika. Zaidi ya hayo, lava haimomonyoki sawasawa. Tabaka gumu hubaki kama ngazi, na korongo linaloanza kwa mteremko wa kawaida linaweza kuishia kwenye ukuta wa mwamba, kama huu uliowasimamisha.

Kwa hiyo kanuni ya mzee ya kuteremka hadi kwenye mashamba haikuwa ya kipumbavu, na wanaomlaumu wanakosea. Imewaokoa wengi Lushoto. Lakini kwenye mlima wa umbo hili mtu aliyepotea anapaswa kurudi juu, kwa sababu juu ndiko migongo inakokutana, ndiko mtandao wa simu unakopatikana kwa urahisi zaidi, na ndiko wenzake watakakopita. Muuguzi hakuwa na elimu ya miamba. Alikataa kushuka mahali asipoona mwisho wake, na kukataa huko ndiko kuliokoa maisha ya watu wanne.

## Uchambuzi: maji

Kosa la maji lina asili hiyo hiyo. Majivu na lava yenye vinyweleo na nyufa hunywa mvua, na maji husafiri chini ya ardhi mpaka yanapotokeza mbali. Mfano ulio wazi uko kwa jirani zetu wa pwani. Vilima vya Chyulu nchini Kenya havina mito juu yake, lakini mvua inayonyesha huko hutokeza kwenye chemchemi za Mzima, na maji ya Mzima hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Sisi wa Tanga tumezoea kuona mto wetu tangu mlimani hadi bwawani, na mazoea hayo yanatufanya tuamini kwamba penye msitu mzito lazima kuna kijito.

Haimaanishi kwamba kila mlima wa volkano ni mkavu. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro una mito, na Wachagga wamechimba mifereji yao, mifongo, kwa vizazi vingi. Upande unaopokea mvua na upande wa kivuli cha mvua ni nchi mbili tofauti kwenye mlima mmoja. Ndiyo maana swali la kumuuliza mwenyeji lilipaswa kuwa: maji yako mahali gani hasa, umbali gani kutoka mwanzo wa njia, na je, mwezi wa Septemba yapo? Lita moja na nusu haikutosha kwa mpando wa mita 1,100 mahali ambapo hakuna pa kujaza.

## Uchambuzi: saa na kura

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo watembea milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kilomita 9 na mita 1,100, hesabu inatoa karibu saa 3 na dakika 40 kwa watu wenye nguvu wasiopumzika. Kwa kundi la umri mchanganyiko napendekeza kuongeza nusu, na hapo tunapata saa 5 na nusu. Wangeanza saa 12:30 asubuhi wangefika ukingoni saa 6:00 mchana, na mpango wao ulikuwa sahihi kabisa. Walipoanza saa 2:20, hesabu ile ile iliwafikisha saa 7:50, baada ya saa ya kugeuza. Yaani kilele kilikuwa kimeshapotea kabla ya hatua ya kwanza. Hapo chini, asubuhi, watu wakiwa wameshiba na wana subira, ndipo pangekuwa mahali pa kubadilisha mpango na kulenga msitu wa asili tu, ambao kwa maoni yangu ni mzuri kuliko ukingo wenyewe.

Kura ya saa 7:00 naiona kuwa kosa kubwa kuliko lile la njia panda. Saa ya kugeuza iliwekwa mapema makusudi ili isijadiliwe na watu waliochoka na wanaokiona kilele. Ukiipigia kura umeifuta. Kuanza kuteremka saa 8:40, kwa mwendo wa saa tatu na nusu, kulimaanisha kutoka msituni saa 12:10 jioni hata kama hakuna baya lolote litakalotokea, wakati jua linazama saa 12:30. Mlima wa kitropiki hukusanya ukungu mchana karibu kila siku, kwa kuwa hewa yenye unyevu hupanda miteremko iliyopashwa joto na jua, kisha hupoa. Ukungu ule haukuwa bahati mbaya. Ulikuwa sehemu ya ratiba ya mlima.

## Uchambuzi: mstari na heshima

Askari alifunga msafara kama inavyotakiwa, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kuunganisha mbele na nyuma. Kila kundi liliamini kwamba wanne wako kwa wenzao, na imani hiyo ilidumu zaidi ya saa nzima. Kuhesabu watu kwenye kila njia panda, mbele wakisubiri nyuma mpaka waonane kwa macho, kungemaliza jambo hili kwa dakika chache. Alama ya tawi nayo ilikuwa nzuri kwa anayeifahamu. Mwongoza njia alipaswa kuieleza asubuhi, au kusimama hapo mwenyewe.

Kuna jambo la ndani zaidi. Kijana aliona mapema kwamba njia si yenyewe, akasema mara moja, akajibiwa na mzee, akanyamaza. Katika malezi yetu hilo ni adabu, na sitaki adabu hiyo iondoke. Lakini kundi linaweza kuiwekea nafasi yake: kabla ya kuondoka, kiongozi atangaze kwamba mlimani kila mtu, awe mdogo kiasi gani, ana haki ya kusema "tusimame", na kwamba neno hilo likitamkwa wote husimama bila kubishana mpaka njia ithibitishwe. Hapo kijana hamkatalii mzee, anatumia ruhusa aliyopewa na kiongozi. Muuguzi aliweza kukataa kwa sababu ya umri wake na kazi yake. Tusitegemee kwamba kila kundi litakuwa na mtu wa namna hiyo katikati.

## Yaliyobadilishwa

Wapo wanachama walioona kwamba Mwalimu angewaruhusu wanne wale wapande wenyewe hadi njia panda, na wote wangetoka mapema. Sikubaliani nao. Watu wasiokumbuka migawanyiko miwili, katika ukungu, nusu yao wakiwa na kiu kali, walikuwa na nafasi kubwa ya kujipoteza mara ya pili, na safari hii mahali pasipo mtandao. Waliposimama waligeuka kuwa sehemu moja ya kutafutwa.

Kikundi sasa kinabeba filimbi na tochi kwa kila mtu. Saa ya kugeuza haipigiwi kura. Ujumbe kwa familia hutolewa na mtu mmoja aliyeteuliwa. Wameamua pia kwamba kundi linalozidi watu wanane liwe na waongoza njia wawili. Gharama hiyo imezua mjadala, na baadhi wanataka iwe kwa milima wasiyoijua tu, si kwa Amani na Lushoto. Mwongoza njia, ambaye pamoja na wale vijana wawili wa kijiji alilipwa kwa mchango wa wanachama wote, aliomba jambo moja: wakirudi, walale kijijini na si mjini, ili asubuhi waanze kutembea kwa saa waliyoipanga. Wamekubali, na safari ya kurudi imepangwa kwa siku mbili, huku mzee wa Lushoto akiwa wa kwanza kujiandikisha.